Ngoma Uliyosema Umeipiga Wewe

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Juzi nilikuwa nasukwa saluni hapa Masumbwe, redio ikapiga wimbo wako. Mtangazaji akakusifia "mkono wako wa ngoma". Nilicheka mpaka msusi akaniomba nitulie. Mkono upi?

Ulinikuta nikipiga ngoma kwenye kwaya, ukaniomba nije Kalangalala, kwenye chumba ulichokiita studio: magodoro yamegongomelewa ukutani, feni imezimwa ili maiki isinase mvumo wake. Nilifika kwa bodaboda, ngoma nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Nikapiga wimbo mzima. Ulinifuta jasho kwa kanga yangu mwenyewe, nami nikakupenda, hilo silikani. Kisha ukakaa mbele ya kompyuta, ukakata kipande kifupi cha nilichopiga, ukakiamuru kijirudie mwanzo hadi mwisho.

"Na pale ninapoongeza kasi?" nikauliza.

"Hakuna haja, mpenzi. Hiki kinatosha nyimbo zote."

Kweli ulikitia kwenye nyimbo zote. Kila kikijirudia inasikika pumzi yangu, "he!", maana hata kuisafisha ulishindwa. Redioni ulipoulizwa nani kapiga, ulijibu, "Mimi mwenyewe. Hii ni damu ya Kisukuma!" Nilipokupigia simu ukasema jina langu lingewachanganya mashabiki. Ukaongea polepole, kama unamfundisha mtoto kuhesabu. Nikameza. Wazee walishakubaliana mahari, na mimi nilidhani aibu ya mchumba husitiriwa.

Ikaja harusi ya binamu yangu, aliyeolewa na mchimbaji wa mgodini kule Bulyanhulu. Ulikuja na kompyuta, spika na miwani ya jua; mimi nilikuja na ngoma yangu, nikaiweka pembeni. Bibi harusi ndio kwanza anaingia, jenereta ikazima. Muziki ukakatika, wachezaji wakabaki mguu juu. Mama wa bwana harusi akakufuata.

"Baba, si ulisema redioni ngoma unapiga mwenyewe? Ile pale. Utuokoe."

Ningeweza kukuonea huruma kama ungesema ukweli. Wewe ukavua miwani, ukakunja mikono ya shati, ukaipiga ngoma kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Watoto walicheka. Shangazi yangu akafunika uso kwa kanga. Bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamlengalenga, hajui aingie au arudi.

Nikavua viatu. Nilikuondoa pale, nikapiga. Nilipiga na kile kipande ulichokitupa, pale kasi inapopanda, na bibi harusi akaingia akicheza, wachimbaji wenzake na bwana harusi wakapiga mluzi, mama yule akarusha mikono juu. Nilipoinua macho nikutafute, nikiamini umeona sasa, umeelewa sasa, nilikuona umeninyooshea simu. Unarekodi.

Baadaye ukanifuata nyuma ya turubai, umechangamka. "Nimenasa kipande kikali sana. Nikitumie?"

Nikavua pete ya uchumba, nikaiweka kwenye kiganja chako. "Kitumie."

Ulitazama simu kwanza, kuhakikisha kipande kimehifadhiwa. Ndipo ukaitazama pete.

Watu huniuliza kama nakuchukia. Chuki ningemwekea mwanamume aliyenidhulumu kwa ujasiri. Wewe uliniibia huku unaniita mpenzi, kisha hukuweza hata kukipiga mwenyewe ulichoiba. Nikikufikiria napata kile ninachokipata nikimwona kuku aliyeloa: namtazama kidogo, napita.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umebadilika, unaniomba nije nirekodi wimbo mzima safari hii. Siji. Jumamosi nina harusi, na wenye shughuli wameniambia nipige mpaka wao wenyewe wachoke kucheza. Nimeshaikaza ngozi ya ngoma.

Kaa salama na mashine zako.

Aliyekuwa mchumba wako