Papa na Tansio ya Kapita

Papa mpendwa,

Hilo neno "mpendwa" limenitoka kwa shida leo, lakini Mama alinikataza kuandika barua bila adabu, kwa hiyo libaki hapo juu. Nimekukasirikia, baba yangu. Nimekukasirikia tangu mvua zianze, na kwa kuwa siwezi kuja huko uliko nikasimama mbele yako mikono kiunoni, ninaandika. Kaa usikilize. Safari hii hutanionyesha kidole ninyamaze eti unasikiliza mapigo ya mtu.

Unakumbuka mashine ilivyofika? Ulikuwa umeanguka sokoni Baraka, katikati ya wauza mihogo, ukainuka ukipangusa suruali na kusema ni jua. Kaka hakukubali. Akiwa huko Ulaya alikohamia, alimpa msafiri mashine ya kupima shinikizo la damu, ile tunayoiita tansio huku kwetu, ili ujipime nyumbani. Ndani ya boksi kulikuwa na mikanda miwili: mmoja mpana wa mkono wa mtu mzima, na mwingine mdogo kabisa, wa mtoto mchanga. Wewe muuguzi mstaafu, uliyepima nusu ya akina mama wa hospitali ya Nundu, uliugeuzageuza ule mdogo ukacheka. "Huu tutafunga nani? Panya?"

Ndipo Kapita akapita. Paka wetu wa rangi ya udongo, mwenye kichwa kikubwa, uliyempa jina la msimamizi wa kazi kwa sababu alikuwa anazunguka uani akikagua shughuli za wengine bila kufanya yake.

Jumamosi zetu zilianza hivyo, na siwezi kuzikana hata nikiwa na hasira kiasi gani. Tulikuwa tunafukuza kuku, tunazima redio, tunatandika kitenge chako cha zamani kwenye mkeka wa sebuleni. Mimi nilitaka kumkamata paka nimfunge mkanda haraka yaishe. Ukanizuia. "Usimushike kwa nguvu. Umuache kwanza atulie. Damu ya muntu mwenye kuogopa inasemaka bongo."

Bongo, uongo. Wewe ndiye uliyesema hivyo, Papa, kwa mdomo wako.

Ulinifundisha kufunga mkanda kwenye mguu wake wa mbele, usiwe mpana kupita kiasi ukashusha namba, usiwe mwembamba ukaipandisha. Namba ya kwanza tunaitupa, maana ni ya woga. Tunapima tena, na tena, mpaka namba zianze kufanana, ndipo tunachukua ya katikati. Ulisema mashine ile haikutengenezewa paka, kwa hiyo tusimlinganishe Kapita na mtu yeyote, tumlinganishe na yeye mwenyewe wa Jumamosi iliyopita. Mikono yako ilinuka sabuni. Kapita alikuwa anafumba macho mkanda ukijaa upepo, na wewe ulikuwa unamkuna chini ya kidevu mpaka mashine ilie. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto, nikawa ninangoja Jumamosi kama msichana mdogo, kwa sababu siku hiyo ulikuwa unanieleza kitu taratibu na hukuwa na haraka ya kwenda kwa mgonjwa yeyote.

Jumapili ilikuwa zamu yako. Ulikuwa unaingia chumbani na boksi kabla ya kwenda kanisani, Kapita akijipenyeza miguuni mwako, halafu mlango unafungwa. "Tansio inataka utulivu," ulisema, na sisi tukanyamaza mpaka watoto wakakatazwa kucheka. Kisha mlango unafunguliwa, unamwonyesha Mama kioo cha mashine, namba nzuri, namba ya kijana. Naye anaitika, "Bwana asifiwe," na kukupakulia samaki wa chumvi, kwa sababu mtu mwenye namba kama hiyo anyimwe chumvi kwa nini?

Sasa nikukumbushe siku uliyotuacha, kama umeisahau.

Ilikuwa kiangazi. Baba Mdogo, mdogo wako wa tumbo moja, alivuka ziwa kutoka Ubwari na mikeke, samaki wa kukaanga aliokutayarishia mke wake. Mlikula wawili, sahani moja, mkicheka habari za utoto wenu. Yeye akaenda ufukweni kutafuta mtumbwi wa kurudi. Wewe ukasimama kunawa mikono, ukaanguka. Mdomo ulipinda, mkono wa kuume ukafa, na kabla gari halijapatikana ukawa umeshakwenda.

Unajua watu walisema nini. Wewe ni mzaliwa wa Baraka, unajua hapa mtu mzima akianguka baada ya kula, jina la ugonjwa ni moja tu. Wakasema sumu. Wakamtafuta aliyeleta chakula. Ningekuwa na la kuwajibu kama Mama mwenyewe asingesimama katikati ya waombolezaji na kusema, "Tansio yake ilikuwa muzuri. Mi mwenyewe nilikuwa naiona na macho yangu, kila Jumapili."

Baba Mdogo alilia mbele yetu. "Miye nilikula naye sahani moja. Kama kulikuwa sumu, mbona miye niko?" Wakamjibu kwamba mwenye sumu anajua upande wa kula. Walimnyima koleo kaburini, Papa. Mdogo wako alisimama nyuma ya migomba, ng'ambo ya barabara, akiangalia wengine wakikufukia. Vijana wa ukoo wakaapa kwamba akitia mguu tena kwenye ufukwe wa Baraka watamchoma. Toka siku ile samaki wake wakawa wanauzwa na watu wengine, kwa jina la wengine, maana jina lake halikununulika. Na mimi niliamini. Nilimwamini Mama, na Mama alikuamini wewe.

Mvua zilipoanza, Kapita akaanza kugonga vigoda. Alikuwa anasimama mbele ya ukuta akilia kwa sauti nzito, macho yake meusi yote, mboni zimefunguka hata juani. Nikakumbuka maneno yako, kwamba tansio ikipanda sana inaingia machoni. Nikaenda chumbani kwenu, nikashusha boksi juu ya kabati. Mama alikuwa amelifunga na koti lako jeupe la kazi na hakuna aliyeligusa tangu mazishi. Nikakaa kitandani, nikafungua.

Mkanda mdogo ulikuwa juu, umejaa manyoya. Mkanda mpana ulikuwa chini yake, ndani ya plastiki ya kiwandani, umezibwa pande zote kama siku ulipotengenezwa. Hakuna jino wala mkasi uliowahi kugusa ile plastiki. Na chini kabisa, dawa: vidonge vya tansio, vya mwaka wako wa mwisho, bahasha ina jina lako kwa mwandiko wa daktari. Hakuna hata kimoja kilichotolewa.

Nilitafuta mkanda mwingine. Nilikutetea, Papa, nikapekua kabati, nikainua godoro, nikisema lazima kuna mkanda mwingine. Haukuwepo. Nikaushika ule mdogo nikaubandua, ukatoa mlio wake wa kukwaruza. Kapita, ambaye haoni mlango uko wapi, akaja. Alifuata ule mlio akijigonga, akapanda kitandani, akalala upande wako, akanyoosha mguu wa mbele.

Mimi na wewe tulimpimia sebuleni, mkekani. Kitanda alifundishwa na nani?

Namba ya kijana. Ilikuwa ya paka. Kila Jumapili, mlango umefungwa, nyumba nzima imeshika pumzi, na wewe unamfunga Kapita mkanda na kumletea Mama damu ya paka aishukuru mbele za Mungu.

Nilichofanya na ile bahasha sitaki kukiandika, ila ukuta wa chumba chenu sasa una alama. Nilikuwa ninasema peke yangu kama kichaa. Watu wote hawa ulioketi nao barazani, ukiwabembeleza wameze kidonge, ukiwaambia chumvi inaua, ukiwafokea waliokosa siku moja! Ulijua. Hukuwa mkulima asiyejua jina la ugonjwa wake. Ulijua, na daktari alikuambia, na uliona aibu kukaa upande wa mgonjwa. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine yenye heshima zaidi na sijaipata. Uliogopa Mama asikuangalie kama mgonjwa, uliipenda chumvi yako, ukadhani uongo wenyewe ni mdogo, haumdhuru mtu isipokuwa wewe. Ungeniambia mimi, hata mimi peke yangu. Tulikuwa na Jumamosi zote zile.

Nilimpima Kapita siku ile kwa hasira ileile, na bila shaka nilimtia woga, kwa hiyo nikaacha, nikarudia alipotulia, kama ulivyonifundisha. Namba ilikuwa imepanda mbali sana na zile zake za zamani. Mganga wa mifugo alinicheka kwanza. "Mi napimaka bangombe, mama. Tansio ya paka, we umeitoa wapi?" Lakini nilipomwonyesha macho ya Kapita, akaacha kucheka, akapiga simu kwa mwenzake wa Uvira. Akaniambia dawa ni ileile ya watu, ila chembe ndogo tu, na nisikose siku. Akaangalia vidonge vyako, akasema havijaharibika, akanikatia kimoja kunionyesha.

Kapita anameza, Papa. Ninamfichia kwenye ndakala, dagaa wetu, anameza, anajilamba. Paka.

Kisha ikabaki kazi kubwa. Siku ya kumaliza matanga ukoo wote ulikuja, hata wazee walioteremka kutoka Fizi. Baba Mdogo hakualikwa. Walipoanza kujadili mashamba yako, na kusema ya yule wa Ubwari yasitajwe hapa, nilileta boksi nikaliweka katikati ya mkeka. Nilikuwa ninakwenda kumvua nguo baba yangu mbele ya watu, na nilijua. Nikatoa mkanda mpana ndani ya plastiki yake, nikampa Mama aushike.

Aliugeuza pande zote. Akapapasa kingo kwa ukucha. "Huu haujafunguliwa," alisema. "Sasa ile namba nilikuwa naona, ilikuwa ya nani?"

Nikabandua mkanda mdogo. Kapita alikuwa jikoni; alitoka, akapita kati ya miguu ya wazee akigusagusa viti kwa kichwa, akalala mbele ya Mama, akanyoosha mguu.

Mmoja wa wale vijana walioapa kuchoma mtu aliinama akawa anaangalia viatu vyake. Mama alimtazama paka muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bamulete shemeji yangu."

Papa, alikuja. Alivuka na mtumbwi kesho yake, peke yake, na alipokanyaga mchanga wa Baraka alisimama kwanza, mikono imeachwa wazi, kwa sababu hakujua kama ni mtego. Umefanya mdogo wako asimame hivyo kwenye ufukwe alikojifunza kuogelea nawe. Mama alimpokea mwenyewe. Alipiga magoti mbele yake, mama yangu, na magoti yake yale mabovu, akamwomba msamaha kwa kosa ambalo ni lako. Baba Mdogo akamwinua. "Musilie tena. Yeye alikuwa anaogopa tu," alisema. Anakutetea hata sasa, Papa, na wewe ulimwachia jina la muuaji.

Tulimkalisha barazani kwenye kiti chako. Mama akachukua mkanda mpana, akang'ata plastiki kwa meno, ikapasuka. Akaufunga kwenye mkono wa Baba Mdogo, vibaya, nikaurekebisha. Tukangoja atulie. Namba ya kwanza tukaitupa. Tukapima tena, na tena, mlango wazi, watoto wamejazana, kuku wanapita.

Damu yenu ni moja, ninyi wawili. Namba yake ilikuwa ile ambayo ungetuonyesha wewe kama ungekuwa na moyo wa kutuonyesha. Mama aliisoma kwenye kioo, tarakimu kwa tarakimu, na safari hii hakusema Bwana asifiwe. Alikwenda kuleta maji. Tulimpeleka kwa daktari, naye anameza kidonge chake kila asubuhi kule Ubwari, na mke wake ananipigia simu kuniambia amemeza.

Kapita bado haoni vizuri, lakini hagongi tena vigoda, na namba yake inashuka. Jumamosi ninatandika kitenge chako. Baada yake ninampima Mama, na Mama ananipima mimi. Mlango wa chumba chenu tumeung'oa bawaba, uko nyuma ya nyumba, kuku wanaulalia.

Lala, Papa. Sijakusamehe. Nikifika huko, kabla hujanisalimu, kunja mkono wa shati.

Binti yako, uliyemfundisha kupima