Kibanio Kisicho na Jino

Bweni la Wanafunzi wa Nje,
Wilaya ya Haizhu,
Guangzhou, China.

16 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Getrude,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na ule mguu unaovimba umetulia. Kama bado unakusumbua, tafadhali usishinde dukani umeuning'iniza, uweke juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mimi ni mzima. Joto la huku ndiyo kwanza linapungua, na kikohozi kimekwisha. Nikisema mzima nina maana kuanzia shingoni kushuka chini. Ya kinywani nitakueleza.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Sasa ulitaka nifanyeje? Simu ulinikatia. Nilipopiga tena ukaizima. Nikaandika kwenye grupu la ukoo, Baba Mkubwa Kasmir akanitoa, eti nimewavunjia heshima wakubwa. Basi nimerudi kwenye kalamu. Unaweza kuichana ukitaka, lakini nakujua wewe, utaisoma kwanza.

Anayekuletea ni Didas, yule mwenye duka la nguo pale stendi ya Babati. Amekuja kununua mzigo kwenye masoko ya jumla ya Liuhua. Nilimkuta akivutana na laoban wake, yaani mwenye duka, juu ya majaketi yenye zipu mbovu. Akaniambia, "Dada Martina, haya majaketi yanaingia kontena bandarini Nansha, yatafika siku Mungu akipenda. Ila hicho kiboksi chako nitakipakata mwenyewe mpaka Babati." Kiboksi hicho usikifungue kwanza. Soma barua mpaka mwisho.

Nimesikia Adrian wa kaka Abeli ametolewa hospitali. Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi, namshukuru na yule tusiyemjua aliyetoa damu akaongezewa mtoto wetu. Wewe sikushukuru, Shangazi. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa upole nimeshindwa, kwa hiyo naiacha hivyo hivyo.

Mtoto alikuwa na homa na anaharisha. Ukamfunua mdomo, ukaona ufizi umevimba na kuwa mweupe, ukasema ni meno ya plastiki, yale mnayodai humuua mtoto yasipong'olewa. Ukambeba, ukampeleka kwa yule mama wa nyuma ya mnada, naye akamchimba ufizi kwa spoku ya baiskeli. Damu ikakataa kukata, kidonda kikatunga usaha, mtoto akashindwa hata kunyonya. Ndipo mkakimbilia hospitali, wakampima, wakakuta malaria. Malaria, Shangazi! Imekaa lini kwenye ufizi?

Hujawahi kuniuliza hasa ninasomea nini. Unawaambia watu kanisani kwamba natengeneza meno. Sitengenezi meno. Ninasomea kubuni vifaa vya hospitali, na kazi niliyopewa ni vibanio, vile vipande vidogo vya chuma vinavyogandishwa juu ya meno yaliyopinda ili waya upite. Uliviona kwa yule binti wa mkuu wa wilaya ukasema amefungwa mdomo kama mbuzi mla mahindi.

Ukikitazama kwa mbali, kibanio hakina maajabu. Kumbe kila jino lina cha kwake. Mgongo wake lazima ufuate mbonyeo wa jino hilo, na uwe na vitundu vidogo vya kushika gundi. Mbele kuna mfereji wa waya, na mfereji huo tunauchonga kwa mwinamo maalumu. Waya ukijinyoosha, unalivuta jino taratibu mpaka likae mahali pake. Ukikosea mwinamo kidogo tu, jino linageukia kwingine.

Kibanio kigumu kuliko vyote ni cha chonge. Chonge ndilo jino la konani, pale safu ya mbele inapokata kwenda kwenye magego. Mzizi wake ni mrefu, na uso wake umebinuka. Mwalimu alinipa hilo kwa kuwa mimi ni mbishi. Nilichora, nikafuta, nikachora, nikagombana na kompyuta, mpaka kibanio kikatoka. Siku kilipochongwa kwa chuma nilikipiga picha nikakutumia, ukanijibu kwa kidole gumba.

Sasa utaratibu wa maabara yetu ni kwamba kila mtu anajaribia kibanio chake kwenye kinywa chake mwenyewe. Unapigwa picha ndani ya mdomo, mashine inachapa mfano wa meno yako kwa plastiki, nawe unabandika vibanio hapo mbele ya wenzako. Wenzangu walibandika, wakapigiwa makofi. Zamu yangu fundi wa mashine akageuza mfano wangu, akautazama huku na huku akitafuta chonge za chini, kisha akasema, "Meiyou." Ni neno ninalolisikia kila siku masokoni, muuzaji akiwa hana saizi yako. Hakuna. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, nimeziba mdomo kwa mkono kama kawaida yangu.

Daktari wa meno anayefanya kazi nasi, Daktari Liang, hakucheka. Alinipiga eksrei. Akaniuliza kama nilipata ajali nikiwa mchanga. Nikamjibu nilizaliwa hivi, kwa sababu ndivyo ulivyoniambia tangu nikiwa darasa la kwanza, kwamba hata marehemu mama yangu alikuwa na mapengo. Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta: chonge moja ya chini haipo kabisa, na nyingine imelala ndani ya mfupa, imeumbuka, haitaota kamwe. Meno mengine yameegemea kwenye pengo, na ndiyo maana kinywa changu kimekwenda upande. Shule nzima iliniita Mdomo Upande, Shangazi, na wewe ulikuwa unaniambia nisiwajali.

Wiki hiyo hiyo ndiyo habari ya Adrian ikafika. Nikakupigia, nikakuuliza moja kwa moja. Ukanijibu bila hata kushusha sauti, "Hata wewe nilikupeleka mimi mwenyewe. Ulikuwa unaharisha, unakwisha. Wakayatoa, ukapona. Leo si uko China?" Ukakata.

Nimelibeba neno hilo kila ninapokwenda. Mama alikufa akinizaa, na wewe ulikuwa msichana hujaolewa bado, ukanichukua ukanilea. Najua ulinibeba mgongoni kwa miguu mpaka kwa huyo mchimbaji. Najua ulikuwa unalia njia nzima, Baba aliniambia. Sina shaka kwamba ulinipenda. Ndiyo maana inaniuma hivi. Angekuwa mtu baki, ningemtukana nikamaliza.

Lakini niliponaje? Baba huyo huyo aliniambia kwamba ulinikalia bila kulala, unaninywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Kilichoniponya ni kijiko hicho. Sifa zake umempa mwenye spoku miaka yote hii.

Na kuna jambo lililonichoma zaidi. Wifi Joyness ameniambia kwamba akija mama mwenye mtoto mgonjwa halafu anasitasita, unamkaribisha sebuleni na kumwonyesha picha yangu ya mahafali. "Huyu naye walimtoa, na anawashinda hao wenye meno yote." Kumbe mimi ndiye tangazo la biashara ya yule mama wa mnadani! Nimesoma kwa taabu, nimekula baridi na upweke, halafu nimegeuka kuwa sababu ya watoto wa watu kuchimbwa fizi. Hata ruhusa hukuniomba.

Baada ya aibu ile nilibuni kibanio kingine, cha jino linalopakana na pengo, kulivuta lisimame wima. Mwalimu akakipenda, akanipeleka nacho kwenye maonyesho ya biashara kule Pazhou. Bwana mmoja wa kiwandani alikishika, akakigeuza, akauliza kama kwetu wenye mapengo ya namna hiyo ni wengi. Nikasema ni wengi. Akafurahi, akasema basi soko lipo. Nilitamani sakafu inimeze. Mnanitafutia wateja, Shangazi, tangu wakiwa wananyonya.

Mteja wa kwanza ni mimi mwenyewe. Daktari Liang amenifunga vibanio hivyo, na juzi amekaza waya. Naandika huku taya linapwita, chakula changu ni uji tu. Watayanyoosha yaliyopo. Yasiyokuwepo hakuna waya wa kuyaleta.

Nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Joyness alinipigia akiwa amejificha chooni, akinong'ona kama mwizi ndani ya nyumba anayoishi. Anasema umeshatamka kwamba ufizi wa Dalila nao umeanza kuwa mweupe, na kwamba kabla ya Krismasi utampeleka, afuate njia ya pacha wake. Yaani Adrian hajapona hata kidonda!

Joyness ni mkamwana, hawezi kukukatalia ndani ya nyumba yako. Abeli nimempigia huko Mererani anakochimba, akaniambia mambo ya watoto wadogo wanayajua wanawake. Huyo ndiye kaka yangu, mwanaume mzima anayeshuka shimoni kwa kamba lakini anaogopa kukupigia simu. Kwa hiyo amebaki mtu mmoja tu wa kusema ndiyo au hapana, naye ni wewe.

Nakuomba ufanye hivi. Nawa mikono, mpitishe Dalila kidole taratibu kwenye huo ufizi mweupe. Utasikia kitu kigumu kidogo chini yake. Hilo ni jino lake, limekaa linasubiri wakati wake, na chini yake kuna mbegu ya jino la ukubwani, ambayo spoku huiharibu pia. Kila mtoto analo, hata wa huku. Akipata homa mpeleke akapimwe damu. Akiharisha, mnyweshe kwa kijiko chako kile. Zaidi ya hapo usimguse.

Sasa fungua kiboksi. Hicho ni kinywa changu, kilivyochapwa na mashine. Tangu nizaliwe sijaona meno ya plastiki mengine zaidi ya hayo uliyoshika. Kiweke sebuleni chini ya picha ya mahafali. Wageni wanaoitazama hiyo picha husema ninaonekana mpole. Si upole, Shangazi, nimefunga mdomo. Akija tena mama mwenye mtoto mgonjwa, mwonyeshe na hicho, kisha umwache aamue.

Nisalimie Baba Mkubwa Kasmir, mwambie grupu lake abaki nalo. Msalimie Abeli akitoka shimoni. Msalimie Joyness, na tafadhali usimgombeze kwa sababu yangu, hana kosa. Adrian mbusu kwenye paji la uso, mdomoni bado anaumia. Mungu akuponye mguu, akupe na miaka mingi, maana nataka nikirudi nikukute, tugombane uso kwa uso kisha nile ugali wako nikiwa na meno yaliyobaki.

Kwenye kona ya kiboksi, ndani ya pamba, kuna kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele. Ni kile kibanio cha chonge, cha kwanza kabisa nilichobuni. Kwangu hakina pa kukaa. Mtunzie Dalila. Sina haja aje akivae, nataka tu akikua awe na jino la kukiweka.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukukasirikia kwa moyo ule ule,

Martina