Jina Ndani ya Pete ya Mama

Mtaa wa Murubona,
Kasulu, Kigoma.
21 Septemba 2014

Mdogo wangu mpendwa Dionis,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Raymond. Habari za Newala? Wifi Herieth hajambo? Mtoto ameshapona surua? Tangu ulipoondoka siku ya tatu baada ya kumzika baba, nilikuwa nakufuatisha njiani kwa mawazo: leo yuko Singida, leo Dar, leo kafika.

Sisi tu wazima. Kifua tu cha Raymond ndicho kinachosumbua, maana mvua bado na vumbi la barabara ya Kibondo unalijua. Mama naye ni mzima wa mwili. Nimekaa naye wiki mbili.

Nakuandikia kwa sababu jambo hili halisemeki kwenye simu. Unakumbuka mwezi wa sita tulichanga tuwanunulie wazee pete za jubilei yao, tukakubaliana zichorwe ndani "Jubilei 1964–2014". Pete hazikuchorwa hivyo, hasa ya mama.

Baba alikuja Kasulu mwenyewe kuchagua. Mfukoni alikuwa na uzi wenye fundo, kipimo cha kidole cha mama. Sonara Hamis, yule wa pale sokoni, alimtolea pete zenye mawe, zinang'aa. Baba akazikataa zote. "Jiwe litanasa unga wa muhogo," alisema, "na huyu hataacha kusonga ugali kwa sababu ya pete." Akachagua mbili za fedha, bapa, zisizo na kitu. Hamis akamshauri ya mama iongezwe kidogo, ipite kifundo cha kidole, maana jembe limekivimbisha. Baba akacheka, akasema jembe hilo alilinunua yeye. Kisha akanituma ugoro. Niliporudi walikuwa wameshamaliza habari ya maandishi, nami sikuuliza.

Mengine unayajua. Wiki tatu kabla ya jubilei akaanguka shambani, hakuamka tena.

Nilizifuata pete wewe ukiwa umeshaondoka. Ya baba ilikuwa na jina la mama. Ya mama nikaigeuza kwenye mwanga, nikasoma: "Leokadia 1965". Dionis, nililisoma mara mbili. Nikamwambia Hamis amekosea. Akafungua droo, akanipa kipande cha karatasi. Mwandiko ni wa baba, zile herufi zake za kulala.

Nitakuambia ukweli nilichowaza, unisamehe. Niliwaza kwamba baba alikuwa na mwanamke mwingine, tena mwaka mmoja tu baada ya ndoa, na uzee ulimchanganya akampa fundi jina lisilo la mama. Siku nane nilikaa na hasira juu ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Hata sala ya kumwombea nilikuwa naikatisha katikati. Raymond akaniambia, "Mama yako hasomi. Mpe pete, mwambie imeandikwa jubilei, yaishe." Nikaona ni neno la busara.

Nikaenda Kibondo. Mama alikuwa uani anapukuchua maharage. Akaipokea pete, akaifuta kwa khanga, akauliza, "Imeandikwa nini?"

Nikamjibu, "Jubilei, elfu moja mia tisa sitini na nne hadi leo."

Akairudisha kiganjani kwangu. "Basi hakuandika," alisema. "Siku aliponipima kidole aliniambia ataweka neno tunalolijua mimi na yeye tu. Jubilei hata padri anaijua."

Sikuweza kuendelea na uongo. Nikapiga magoti palepale kwenye maganda, nikamwambia, "Mama, nimekudanganya. Imeandikwa Leokadia."

Mama alifunika kinywa. Nikadhani nimemuua. Baadaye akasema taratibu, "Lisome tena." Nikalisoma. "Tena." Nililisoma mara tano.

Leokadia alikuwa mtoto wao wa kwanza, Dionis. Mimi niliyejiita kifungua mimba maisha yangu yote, kumbe nina dada. Alizaliwa kule Busunzu walikoanzia maisha, akaishi miezi minne, homa ikamchukua. Bibi aliwakataza wasilitaje jina lake tena, ili sisi tutakaofuata tusimfuate. Wakatii. Bibi alipokufa, walikuwa wameshazoea kunyamaza. Mama alisema, "Nilidhani baba yenu amemsahau. Miaka yote hiyo nilimkasirikia kwa hilo, na sikumwambia."

Maneno hayo yananiumiza hadi leo.

Alitaka twende Busunzu, tukaenda. Tangu watu walipohamishiwa vijijini mwaka sabini na nne, maboma yale ya zamani yamelimwa yote. Mama alizunguka kwenye mihogo tangu asubuhi akitafuta kaburi la mtoto, mara aseme ni hapa, mara hapana, kulikuwa na mti mkubwa wa miiba. Mwenye shamba, mzee Venanti, alikuja na panga tukaogopa. Tulipomweleza, aliliweka panga chini akavua kofia. "Mama," alisema, "leo shamba lote ni lako. Lia popote."

Mama akaketi kati ya matuta. Uliona mwenyewe kwenye maziko hakutoa chozi, watu wakanong'ona. Siku hiyo alilia. Alimlilia mtoto, halafu nikasikia anamwita na baba kwa jina lake, Bazilio, anamwomba radhi. Nilikaa pembeni nikamwacha. Venanti naye alisimama mbali mpaka tulipomaliza, akatusindikiza hadi barabarani.

Mama anakuomba kitu kimoja. Mwezi wa Novemba, majina ya marehemu yakiandikwa parokiani kwako, uandike mawili. Na ukija Krismasi usimwulize lolote. Atakuambia mwenyewe.

Nisalimie wifi Herieth, umbusu mtoto. Mama mdogo Asnath wa Kakonko anakusalimu sana, na mwanawe Reverien pia. Mungu awalinde huko mliko, awape marehemu wetu pumziko, na sisi atupe ujasiri wa kuambiana mapema.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Josephina