Kuku wa Wifi Yangu Watatembea

Alhamisi, Guangzhou. Mvua imenyesha tangu alfajiri, barabara ya Guangyuan Xilu nzima imejaa maji na viatu vyangu vimelowa chapachapa. Sijali. Leo nimeshinda!

Acha nikiri kwanza. Kosa lilikuwa langu.

Mimi ni mtu wa nguo. Kuku nawajua wakiwa kwenye sahani. Lakini wifi yangu Anita, mjane wa kaka yangu, anafuga kuku wa mayai Kibaha, na mwezi uliopita aliniomba nimtafutie vifaa vya banda jipya. Sasa sisi wafanyabiashara wa huku tuna ugonjwa wetu: mwenzako akipakia kitu kwenye kontena, na wewe unapakia hicho hicho. Nilimwona Mtanzania mwenzangu kapakia vizimba vya waya vya ghorofa, nikapiga picha, nikaagiza vile vile, na advansi nikatoa. Wifi sikumuuliza. Nilijiona mjanja kweli.

Jumatatu nikamtumia picha kwa mbwembwe. Akanipigia analia.

Hoteli ya Unguja inayotaka kununua mayai yake imeandika kwenye mkataba: kuku wa kwenye vizimba, hapana. Wageni wao wengi wanatoka Ulaya, na huko sheria inataka yai lipigwe mhuri wenye namba ya kuonyesha kuku aliishi vipi. Mtu anasoma yai kabla ya kulinunua! Halafu hata sheria yetu wenyewe ya ustawi wa wanyama inataka mnyama apate nafasi ya kuishi kwa maumbile yake. Mkaguzi wa hoteli anakuja baada ya miezi miwili. Akikuta vizimba, wifi hana mkataba, na watoto wa kaka yangu hawana ada.



Leo asubuhi nikaenda kwa laobani, yaani bosi, mwenye duka la vifaa vya kuku nilikoagiza vile vizimba. Nikamwambia nataka kubadilisha oda: nipe viota vya kutagia, fito za kulalia na vyombo vya maji. "Mei you," akasema, hakuna, bila hata kuinua macho. Nikamwonyesha ile sheria yetu ya wanyama kwenye simu, imetafsiriwa kwa Kichina. Akasoma, akacheka. Machozi yakanilenga, na mimi si mtu wa kulialia mbele ya wauzaji.

Mara mkewe akaingia na kapu la mayai madogo madogo ya kuku wanaotembea huru kijijini kwao. Laobani akainuka kama mtoto aliyeona pipi. Watu wa Guangzhou, kwa kuku wa kutembea huwaambii kitu. Aliyefungwa wanamnunua shingo upande, wa kutembea wanamgombania na bei yake iko juu. Miaka yote nayaona haya sokoni, lakini akili yangu ilikuwa kwenye nguo tu.

Nikanyoosha kidole kwenye kapu. Nikasema kwa Kichina changu cha kuungaunga: mteja wetu naye anataka kama haya.

Mama yule akamgeukia mumewe akamkoromea, maneno chungu nzima, mimi nikaambulia "kuku" na "mjinga". Laobani akajikuna kichwa, akapiga simu kiwandani. Vizimba vimefutwa! Advansi yangu imehamia kwenye viota, na Jumamosi vinapakiwa.

Nimerudi kwenye mvua naimba peke yangu, wapagazi wa marobota wananishangaa. Washangae tu.

Nikampigia wifi, nikamwomba radhi kwa moyo wote. Alicheka mpaka akakohoa. "Wifi, safari nyingine niulize kwanza," akaniambia. Halafu akasema kuku wa kwanza kutaga kwenye kiota kipya atampa jina langu, maana lazima atakuwa mwenye kelele kuliko wote.

Nimekubali. Kesho nitanyamaza, labda. Leo nina haki ya kupiga kelele.