Kitufe cha Nne

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umeacha kelele. Mimi sijambo, ila macho yamekuwa mekundu kwa kukodolea skrini. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Dereva wa gari la mashuka atakuletea.

Nina habari tamu. Kazi yangu inakuja kwenu! Wiki ijayo nyote mnaofua mashuka ya hospitali hapo kiwandani mtavishwa bangili zenye vihisi, vidude vinavyopima mkono unavyokwenda. Bangili inajua mkono umesogea, lakini haijui unafanya nini. Kwa hiyo lazima mtu ashike kompyuta ndogo ya mkononi, awatazame wenzake na kubonyeza: huyu anakunja, huyu anabeba, huyu anapiga pasi. Mashine ikishafundishwa hivyo, baadaye itatambua yenyewe. Skrini hiyo nimeitengeneza mimi. Vitufe vinne tu, vikubwa kama biskuti, ili hata kidole chenye maji kisikosee. Wa kubonyeza nimekupendekeza wewe, maana jicho lako halipitwi na kitu.

Bado niko kwenye majaribio. Hii ikienda vizuri wananiajiri moja kwa moja. Niombee.

Mwanao,
Kidole

14 Machi

Mwanangu Kidole,

Marahaba. Sisi wazima, na mgongo tumeshazoeana nao. Hicho kikompyuta chako kimefika na wenzangu wamekipa jina: Mbea. Nikiingia nacho tu wanaambiana, "Nyamazeni, Mbea huyo!" Tulicheka hadi Bibi Harusi akaunguza foronya. Huyo ni mwenzetu wa kupiga pasi, anayekuja kazini amepaka wanja kila siku kama anaolewa.

Vitufe ni vizuri, sikunyimi sifa yako. Lakini hicho cha nne, "Amekaa bure", kina mambo. Msimamizi ametuambia waziwazi kwamba mwezi ukiisha, mwenye "Amekaa bure" nyingi ataondoka. Na Bibi Harusi miguu inamvimba, lazima aegemee meza kila baada ya muda. Basi mimi cha nne sikigusi. Kwangu wote wanafanya kazi.

Kula vizuri.

Mama yako

21 Machi

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Mimi sijambo kwa nje tu.

Data zenu zimefika na meneja wangu amenisema mbele ya watu. Kwako wewe watu wanakunja mashuka tangu asubuhi, hata saa ya chakula! Bangili inasema mkono umetulia tuli, wewe unasema unakunja. Mashine itajifunza uongo, na uongo huo una jina langu. Tafadhali, bonyeza unachokiona. Sikuweka kile kitufe ili mtu afukuzwe. Mashine lazima ijue mkono uliotulia ukoje. Wanachofanya wasimamizi na hesabu zao si juu yangu. Nimebakiza hatua ndogo tu niajiriwe.

Mwanao anayekutegemea

26 Machi

Kidole,

Marahaba. Mimi mzima na nina hasira, nakuambia mapema usije ukajisumbua kukisia.

Si juu yako? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Furushi la mashuka likitoka kwenye maji ni zito kuliko wewe ulivyokuwa ukianza shule. Mtu akishalinyanyua, akasimama akavuta pumzi, unamwita amekaa bure? Umeweka vitufe vitatu vya kazi na kimoja cha kufukuzia. Cha kupumzika hukuweka. Ninachokiona mimi ni mama wa watu anapumzisha miguu. Nionyeshe kitufe chake nikibonyeze.

Uongo ulianza kwako, mwanangu, kabla haujafika kwenye kidole changu. Simuuzi mwenzangu ili mwanangu apate kiti. Nuna ukitaka.

Mama yako, na bado ni mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Wameniamuru niweke kufuli. Ukirudia kitufe kilekile kupita kiasi, skrini inajifunga na msimamizi anapata taarifa. Nimeliweka. Usishindane nalo, nakuomba.

Mwanao

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu, na simu hupokei. Dereva anasema hukumpa kitu wala hukuuliza habari zangu. Nitukane basi, mradi uandike.

Mwanao

19 Aprili

Kidole,

Marahaba. Nilikaa kimya kwa sababu kila nilichoanza kuandika kilikuwa matusi.

Skrini ilijifunga mkononi mwangu mbele ya wote. Msimamizi akaninyang'anya, akanihamishia kwenye kusuuza, maji baridi kutwa. Maji nayavumilia. Kilichoniuma ni kwamba ni wewe.

Mbea akapewa yule mwanamume wa kubeba mafurushi, asiyepatana na Bibi Harusi tangu zamani. Msimamizi alijua amepata mtu wake. Kumbe! Jamaa anabonyeza kukunja, kubeba, pasi, kukunja, kubeba, pasi, na kufuli lako halina la kusema. Sasa tunamwita Kinanda. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu, "Huyu mama nikimchukia nitamchukia mwenyewe, sihitaji mashine inisaidie."

Yeye ameshachagua upande. Wewe je?

Mama yako

27 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mikono inaendeleaje na hayo maji?

Jana meneja aliniagiza nitengeneze kufuli jipya la kumkamata Kinanda. Nikasema siweki. Akadhani natania. Nikamwambia, "Aliyehamishiwa kwenye maji baridi ni mama yangu, na yuko sahihi. Skrini hii niliikosea mimi." Nikaondoa cha nne, nikaweka "Anapumzika". Kisha nikawaandikia wakubwa wa kiwanda chenu, kwa jina langu kamili, kwamba hesabu hizi hazifai kumfukuzia mtu hata mmoja.

Meneja amekirudisha cha nne saa hiyohiyo. Anataka niandike barua ya kuikana ile ya kwanza, la sivyo nisirudi Jumatatu.

Naogopa sana, mama. Lakini siandiki. Nisamehe lile kufuli.

Mwanao

3 Mei

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba! Mikono imechubuka lakini inashika kalamu.

Barua yako ilifika kwa wakubwa, nao wakampa msimamizi. Alitusomea kwa sauti akitaka tucheke. Hakuna aliyecheka. Bibi Harusi akavua bangili yake, akamwekea mezani. Kinanda akafuata, halafu sote. Msimamizi akasema asiye na bangili atahesabiwa amekaa bure. Bibi Harusi akamjibu, "Hesabu," akarudi kwenye pasi yake.

Basi kwa Mbea wako, kiwanda kizima tumekaa bure tangu juzi. Na magari yanatoka yamejaa mashuka safi. Wakubwa wanaulizana yanafuliwa na nani. Labda kesho watatufukuza wote. Wajaribu, mashuka hayajifui.

Wewe usirudi kule kubembeleza. Njoo nyumbani, kitanda nimekitandika. Hasira imebaki kidogo, nitaimalizia ukifika.

Nilitaka kusahau kukuambia. Msimamizi alipomaliza kusoma, aliuliza huyu mjinga aliyeandika ni nani. Nikanyoosha mkono, maji yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko, nikasema, "Ni mwanangu."

Mama yako