Mwisho Ambao Haumo Kitabuni

Dukani, Tunduma
Mwezi wa saba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuandikia nimekaa juu ya boksi la madaftari, mlango uko wazi, na malori yamesimama kwenye foleni hadi siuoni mwisho wake. Mimi ni mzima, ila vumbi limenipa kikohozi kidogo, wala usihangaike kunitumia majani ya kuchemsha. Goti lako linaionaje baridi hii ya Igamba? Najua bado unatoka alfajiri kugeuza kahawa kwenye vichanja, hata ukikatazwa.

Baba mdogo Zabron msalimie sana, lakini barua hii usimsomee kwanza. Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani anaishika yeye, na tunamjua, akipokea anaweka sauti ya juu mpaka majirani wanaitikia salamu. Ruti, anayeleta parachichi sokoni huku, ndiye atakayekukabidhi mkononi. Isome mwenyewe, polepole, kama unavyosoma zaburi.

Sijasahau jambo nililoliacha nyumbani. Baba mdogo anataka kahawa ikishavunwa, kaka Osea awekewe msalaba pembeni ya kaburi la baba, kwa kuwa tangu lile lori alilokuwa utingo lipinduke huko Zambia hatujapata mwili wala neno. Simlaumu. Amechoka kuiona ile sahani unayomwekea Osea kila jioni ikirudi jikoni na ugali uliopoa. Lakini uliniambia stendi kwamba siku msalaba utakaposimama, utakuwa umemfukuza mwanao kwa mkono wako. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo.

Sasa nikupe habari za kazi. Mwenye duka hili la vitabu ni Mama Tabita, mjane, mkali, na mchana husinzia kwenye kiti huku ameshika kipande cha muwa. Ukidhani amelala, anakuuliza kwa nini umeweka kamusi karibu na vitabu vya mapishi. Alinifundisha kwanza kitambaa: kikavu kwa majalada, cha unyevunyevu kwa rafu, na usivichanganye. Halafu akanifundisha jua. Kitabu kikikaa dirishani kinababuka upande mmoja na mteja anadhani ni cha mtumba, kwa hiyo kila asubuhi navihamisha vya dirishani, cha mbele kirudi nyuma. Kodi inalipwa na madaftari na kalamu, mama, tusidanganyane. Hadithi zenyewe zinakaa zinasubiri mtu wake.

Nikakosea mapema. Wewe ulitulea kwamba kitabu kisichovalishwa karatasi ya kaki ni kitabu cha mtoto asiye na mama. Basi siku moja Mama Tabita alienda msibani Nakonde, nami nikaona vumbi linavyovionea vile vitabu vipya vya hadithi, nikavivalisha kaki vyote, nikakunja pembe vizuri kama ulivyotufundisha. Aliporudi akakuta rafu nzima imekuwa kama darasa la tatu, hakijulikani kipi ni kipi. Akasema nimevizika vikiwa hai. Nilivifumua kimoja kimoja huku wateja wakinicheka, na mpaka leo wabadilisha fedha wa hapo nje wananiita Kaki.

Ila kuna desturi ya duka hili ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Dereva anayesubiri foleni anaweza kuazima kitabu, akaenda nacho Zambia. Akirudi hatoi hela. Anakaa kwenye kreti la soda pale mlangoni na kumsimulia hadithi yote mtu yeyote aliyepo dukani. Mama Tabita anasema hadithi iliyosimuliwa vizuri inauza nakala inayofuata, na ni kweli, nimeona bodaboda akikataa abiria ili asikilize mwisho. Kwa hiyo mimi mwanafunzi wake nina sharti moja: nisiweke kitabu rafuni kabla sijausoma mwisho wake, maana muuza nyanya asiyezibonyeza atauza zilizooza, na madereva wengine husoma kurasa za mwanzo tu na mengine wakayatunga.

Napenda saa hizo, mama. Alasiri vumbi linakuwa la rangi ya dhahabu, injini zimezimwa, na mtu mwenye mikono ya grisi anaongea habari za watu wasiokuwepo kana kwamba ni shemeji zake. Wakati mwingine sijui niko Tunduma au niko ndani ya kitabu. Mama Tabita anasema naota macho wazi, na amekwishakata tamaa ya kuniamsha.

Juma lililopita akaja dereva mmoja, Barnaba, mtu wa Momba, kurudisha kitabu chenye hadithi ya kijana aliyetoka kwao kumfuata ng'ombe aliyepotea. Alisimulia vizuri mno. Mwisho wake akasema kijana alirudi alfajiri, hakubisha hodi kwa aibu, akachukua shoka akapasua kuni na kuzipanga mlangoni kwa mama yake, na mama akaujua mkono wa mwanawe kwa mlio wa shoka. Watu wakapiga makofi. Mimi sikuweza kupiga, kwa sababu mwisho huo haumo kitabuni. Nimekisoma. Kitabuni yule kijana anaoa ng'ambo ya mto na kwao harudi tena.

Mama, wewe unajua mwisho ule ni wa nani. Tulipokuwa wadogo tukigeuza kahawa na Osea, hadithi yake yoyote, iwe ya sungura au ya mfalme, iliishia na mtu kupasua kuni mlangoni kwa mama yake. Nilikuwa nagombana naye kwamba sungura hana shoka.

Nikamuuliza Barnaba kitabu alikisomea wapi. Akaona haya, akakiri kwamba hakukisoma. Alisema huko Ndola kuna gereji ya matairi, na fundi wa pale huwasomea madereva vitabu wakati wakisubiri, naye ndiye aliyemsomea hicho. Ni mtu mpole, anachechemea mguu mmoja, alipata ajali ya lori zamani. Nilikuwa nimeshika kitambaa na sikujua tena kama ni kile kikavu au cha unyevu. Nikauliza anaitwa nani. Barnaba akasema jina lake halisi halijui, kwa sababu huko baba huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama huku kwetu, na fundi yule ana binti mdogo. Wote wanamwita Bashi Ikupa, yaani Baba Ikupa.

Unisamehe mama kwa kuliandika jina lako hivi, sijawahi kulitamka. Pale nyumbani wewe ni Mama Osea kwa kila mtu, na wengi hata hawajui kama una jina jingine. Lakini huko Ndola yuko mtoto anayeliitikia jina hilo akiitwa kula.

Kwa nini hakutuma neno miaka yote hii, sijui. Labda ni ule ugomvi wake na Baba mdogo juu ya shamba la chini, labda ni mguu, labda ni aibu tu. Nililia, sikufichi, na Mama Tabita akanipa muwa wake. Barnaba alipokuwa anaondoka nilimwomba abebe hadithi na akaisimulie pale gerejini, bila kusema imetoka kwa nani. Nilimfundisha mpaka akaishika. Ni ya mwanamke wa Igamba anayeweka sahani kila jioni, na inaishia hivi: kuni za mama zimekwisha.

Kwa hiyo nakuomba, mti wa msalaba usikatwe. Mwambie Baba mdogo asubiri, na sababu utampa wewe kwa namna unayoijua. Sahani iendelee kukaa mezani. Na shoka ulitoe stoo, uliegemeze nje karibu na mlango wa jikoni, lionekane.

Wasalimie wote, na shangazi Grace umwambie kitenge chake nimekipata. Mungu alilinde goti lako.

Ukisikia mtu anapasua kuni alfajiri, mama, usiite jirani.

Mwanao,
Sekela