Asali ya Askari

Jumatatu, 2 Juni
Nimesahihisha madaftari mpaka kidole kimekufa ganzi. Nusu ya darasa wanadhani mitokondria, jiko la chembe hai, ni ugonjwa. Mume wangu, Baba Neema, kaenda kliniki Ikungi kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kaanza juzijuzi tu. Bado mnyonge. Karudi, amekaa juani na koti, anatazama wengine wakipura alizeti yetu. Namhurumia.

Swali limenishika. Kirusi ni kidogo mno, hata jiko hakina. Nguvu kinapata wapi?

Alhamisi, 5 Juni
Nimesoma kwenye simu mpaka bando likaisha. Kumbe kirusi kikiingia kwenye chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, kinabadili hata ulaji wake. Chembe inavuta sukari kwa pupa, inaichoma harakaharaka, inachoka, inakufa. Ajabu sana. Tukila mlenda nikamwambia mume wangu: askari wako wana njaa. Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka. Nikajiona mwalimu hasa.

Jumapili, 8 Juni
Juzi Shemeji Yohana kaleta ndoo ya asali kutoka Manyoni. Huku kwetu Issuna mgonjwa asiyelambishwa asali hajauguzwa. Baba Neema analamba asubuhi na jioni. Leo kabeba gunia mwenyewe. Nimefurahi mno.

Jumatano, 18 Juni
Shemeji kaja tena. Nasonga ugali wa uwele, nikamsikia mume wangu akimwambia, "Zile dawa nimezipumzisha. Mwalimu kanieleza, askari walikuwa na njaa tu. Sasa wameshiba."

Mwiko ulinitoka mkononi. Hasira, lakini nimkasirikie nani? Maneno ni yangu. Naogopa. Hivi sasa virusi vinazaliana ndani yake, naye anajisikia mzima.

Alhamisi, 19 Juni
Nimeomba ruhusa shuleni, nimempeleka kliniki. Muuguzi hakugomba. Kamrudisha kwenye dawa leo leo. Wingi wa virusi watapima baadaye. Njia nzima yeye aibu, mimi kununa.

Ijumaa, 20 Juni
Nilifundisha nusu nikaacha nusu. Ile sukari haimshibishi askari. Kirusi kinaichukua kujengea wenzake.

Jioni nikamwita jikoni. Nikamwambia: mgeni kakuvamia jikoni, anawapikia watoto wake kwa kuni zako. Ukimwongezea kuni je?

"Atapika zaidi," akasema.

Ndiyo. Asali haina kosa, ila haimzuii. Dawa ndiyo inayomzuia asipike. Akauliza kwa nini askari asimtoe nje mapema, kabla hajachoka. Sijui. Nimemwambia sijui, na wataalamu nao bado wanatafuta. Swali lake zuri kuliko yote niliyoulizwa muhula huu. Nalala nalo.

Jumatano, 25 Juni
Upepo na baridi. Alizeti imekwisha kupepetwa. Majibu ya kipimo bado.

Saa ya dawa ilipofika sikumkumbusha. Nilijifanya nashona kifungo. Akachukua kopo mwenyewe, akameza, akanywa maji. Halafu akachovya kidole kwenye asali. Nikamkazia macho.

"Hii ni tamu tu, Mwalimu," akasema.

Akanisogezea ndoo. Nami nikachovya.